Joto la Tanga: mwaka mbaya au mabadiliko ya kudumu?

Je, joto linapanda kweli mkoani Tanga, au ni mwaka mbaya tu? Mwaka mmoja hautoshi kutupa jibu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) hutumia wastani wa miaka 30, kama 1991 hadi 2020, ili mwaka mmoja wa El Niño usitupotoshe.

Tusilinganishe pia Tanga mjini na Lushoto. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wala tusilinganishe Februari ya kaskazi na Julai ya kusi. Kila kituo kilinganishwe na rekodi zake chenyewe, mwezi kwa mwezi.

Kwa Afrika nzima, WMO inaeleza kuwa joto lilipanda kwa takriban nyuzi 0.3 kila miaka kumi kati ya 1991 na 2022. Mwilini hatulihisi ongezeko hilo, lakini shambani lina uzito: udongo hukauka mapema, na mahindi yanayotoa maua huumia. Kabla ya kuchagua mbegu, sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Usitegemee tarehe za zamani peke yake.