Mifuko ya barua iliyodakwa treni ikiwa mbioni: ilifanyaje kazi, na inatuhusu nini watu wa Benaco

Leo naacha kidogo habari za malori na bei za vitu hapa barabarani, nawaletea jambo la reli. Najua kuna watakaocheka: Benaco na reli wapi na wapi? Ukifuata barabara hii kuu ya Rusumo, stesheni utakayoikuta ni Isaka, na hapo umeshatembea zaidi ya kilomita 300. Lakini nisomeni mpaka mwisho, mtaona kwanini nimeamua kuandika.

Kisa kilianza na bahasha. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilitumiwa barua kwa basi kutoka Kahama. Ilikuwa barua ya kuitwa kwenye usaili wa kazi. Nikakaa pembeni ya barabara kuanzia jioni. Basi likaja giza limeshaingia, nikapunga mkono, likapita kama halijaniona. Nikampigia simu konda, ananiambia amesahau, kalala. Bahasha ikaenda mpaka mwisho wa safari, ikanifikia siku ya pili yake. Usaili ulikuwa umeshapita asubuhi. Sitaji kampuni wala mtu, yameisha hayo.

Ila swali lilibaki kichwani: hivi chombo kinachokimbia kinaweza kuacha mzigo sehemu na kuchukua mwingine bila kusimama? Nikaanza kutafuta. Kumbe wenzetu wa Uingereza walishalijibu swali hilo mwaka 1838!

TATIZO LENYEWE

Zamani barua za Uingereza zilisafirishwa kwa magari ya farasi. Farasi wanachoka, kwa hiyo gari lilisimama njiani kubadilisha, na barua zikashushwa hapohapo. Mwaka 1830 reli ya Liverpool na Manchester ilianza kubeba barua. Mambo yakaenda haraka, lakini tatizo jipya likazaliwa.

Treni ni nzito. Kuipunguza mwendo, kuisimamisha na kuiondoa tena kunakula muda. Tuseme kila kituo kidogo kinakula dakika 3. Ukiwa na vituo 20 umeshapoteza saa nzima, na barua za mji mkubwa zimechelewa. Ukiamua usisimame, vijiji vyote 20 vinaipungia treni mkono tu, barua zao zinapita mbele ya macho yao mpaka mjini, kisha zirudishwe kwa farasi.

Januari 1838 Posta ya Uingereza ilijaribu ofisi ya posta ndani ya treni, kati ya Birmingham na Liverpool. Walichukua behewa la kubebea farasi, wakaligeuza. Makarani walichambua barua huku treni inakwenda, kila mji ukatengewa mfuko wake. Sasa mfuko wa kijiji uko tayari, kijiji kinakuja, treni haisimami. Utautoaje?

Kuutupa tu dirishani inawezekana. Ila unaweza kupasuka, kuangukia mtu au kuviringika chini ya magurudumu. Na kuupokea mfuko wa kijiji kutoka chini, hapo ndo kazi kabisa.

WALIOUMIZA KICHWA

Wa kwanza kupata hati ya uvumbuzi alikuwa Nathaniel Worsdell, fundi wa kutengeneza mabehewa, mwaka huohuo 1838. Hakuelewana na Posta kuhusu malipo, yeye alitaka fedha nyingi kuliko walizokuwa tayari kutoa. Posta ikageukia kifaa cha karani wake yenyewe, John Ramsay, kilichojaribiwa Boxmoor mwaka huo. Baadaye, mwaka 1848, John Dicker akakiboresha, na umbo hilo ndilo lililoenea.

KILIVYOFANYA KAZI

Kifaa kilikuwa na sehemu nne: mbili kwenye behewa na mbili pembeni ya reli. Kwenye behewa kulikuwa na mkono wa chuma na wavu wa kukunjua. Pembeni ya reli kulikuwa na nguzo yenye mkono wa kuning'inizia mfuko, na wavu uliosimikwa ardhini.

1. Kushusha. Karani anazifunga barua ndani ya mfuko mzito wa ngozi, anaukaza kwa mikanda. Anauning'iniza kwenye mkono wa behewa, kisha anausukuma mkono ule nje. Mfuko sasa unaning'inia hewani ubavuni mwa treni. Treni ikifika penye wavu wa ardhini, kamba iliyotegwa mdomoni mwa wavu inaupiga mfuko kwa juu, unachomoka na kutumbukia wavuni. Mkono ukishabaki mtupu unarudi ubavuni mwa behewa.

2. Kupandisha. Hapa ni kinyume chake. Tarishi wa kijiji ameshafika mapema, ameuning'iniza mfuko wake kwenye nguzo. Karani ndani ya treni anaukunjua wavu wa behewa nje. Wavu unaukumba mfuko, kamba inauchomoa kwenye nguzo, na mfuko unaingia ndani ya behewa kwa kishindo.

Vitendo vyote viwili viliweza kufanyika mahali pamoja ndani ya sekunde chache, treni ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa au zaidi. Hakuna aliyekanyaga breki.

KWANINI NGOZI NENE?

Hebu tupige hesabu kidogo, zile za fizikia ya sekondari tulizokuwa tunazikimbia. Kilomita 80 kwa saa ni kama mita 22 kwa sekunde. Mfuko ulioning'inia kwenye nguzo umetulia, ghafla unatakiwa uwe na mwendo wa treni. Kishindo hicho ni sawa na mfuko kuangushwa kutoka urefu wa mita 25 hivi, yaani juu ya jengo la ghorofa 8. Fikiria kilo 20 za barua zinaangushwa kutoka huko. Gunia la kawaida lisingedumu, kwa hiyo nje ilikuwa ngozi nene na mikanda.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha ugumu wa kazi ya karani. Akichelewa nusu sekunde tu, treni imeshasogea mita 11. Mkono ukitoka mapema unaweza kugonga nguzo au daraja. Ukitoka kwa kuchelewa, mfuko umekosa wavu, na kijiji hakina barua siku hiyo.

Na treni nyingi za barua zilikimbia usiku! Makarani walijifunza njia kwa masikio: sauti inavyobadilika treni ikipita darajani, magurudumu yanavyolia kwenye kona. Pia viliwekwa vibao vyeupe pembeni ya reli kuwaonyesha kituo kinakaribia. Wavu ukiwa nje kengele ililia ndani ya behewa, ili mtu asikae kwenye njia ya mfuko unaoingia. Mfuko ule ungeweza kukuvunja mbavu.

WAMAREKANI NA KULABU YAO

Marekani nayo ilianza uchambuaji wa barua ndani ya treni kwa mpango wa kudumu mwaka 1864, kwenye njia ya Chicago kwenda Clinton, Iowa, chini ya George Armstrong. Wao walikuja na kifaa chepesi zaidi. Mlangoni mwa behewa palikuwa na kulabu kubwa ya chuma yenye mpini. Stesheni ndogo ilikuwa na nguzo iliyoushika mfuko wa turubai juu na chini, ukiwa umekazwa kiunoni mpaka unafanana na namba 8. Treni ikija, karani anainua kulabu, inaunasa mfuko pale kiunoni. Mikono ya nguzo inajikunja yenyewe ili isigonge mabehewa ya nyuma.

Mfuko wa kushusha haukuwa na kifaa. Karani aliupiga teke tu ukaruka nje. Na hapo ndo mikosi ilipotokea: wakati mwingine upepo wa treni uliuvuta mfuko mpaka chini ya magurudumu, ukakatwa vipande, barua zikapeperuka. Makarani wenyewe waliita tukio hilo dhoruba ya theluji, kwa jinsi karatasi zilivyotapakaa. Sisi tunaweza kucheka, lakini ndani ya mfuko ule huenda kulikuwa na barua ya mtu anayesubiri usaili.

HUKU KWETU JE?

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na kufika ziwani Kisumu 1901. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Barua zetu zilisafiri kwa treni hizo, na zile za Bukoba zikaendelea kwa meli.

Lakini treni zetu zilikuwa na mwendo mdogo, na reli ilikuwa ya njia moja. Treni moja ilipaswa kuingia stesheni kusubiri nyingine ipite. Enzi za mvuke kichwa nacho kilikuwa na kiu, lazima kisimame kiongezewe maji. Sasa treni ikishasimama, nyavu na kulabu za nini? Mfuko unapokelewa kwa mikono mlangoni, mnasalimiana, mnaagana. Yaani ucheleweshaji wetu uliwafaa watu wa stesheni ndogo. Kijiji kilipata barua, na akina mama waliuza ndizi na mayai dirishani.

KIFAA KILIVYOKUFA

Uingereza walikitumia kwa zaidi ya miaka 130. Mara ya mwisho ilikuwa Oktoba 1971, karibu na Penrith, kaskazini mwa nchi. Malori na ndege vilikuwa vimeshachukua kazi. Ofisi za posta za ndani ya treni ziliendelea mpaka Januari 2004, ila zilibadilishana mifuko treni ikiwa imesimama. Marekani ofisi yao ya mwisho ndani ya treni, ya kati ya New York na Washington, ilifungwa Juni 30, 1977.

Ukitaka kukiona kikifanya kazi leo, makumbusho ya reli ya Didcot, Uingereza, huwa wanakionyesha. Na ipo filamu ya mwaka 1936 iitwayo Night Mail, inayoonyesha makarani wakisubiri sauti ya reli na mifuko ikidakwa.

SASA BENACO TUNAINGIAJE?

Wazee wa hapa wanajua barua ni nini. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na jina la Benaco likatangazwa dunia nzima. Familia zilipotezana. Msalaba Mwekundu walibeba ujumbe wa maandishi kati ya ndugu waliotenganishwa na vita ile. Karatasi moja ilimwambia mama kwamba mwanawe yuko hai. Mtu asituambie kwamba sehemu ndogo haihitaji barua.

Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Mpaka naandika hapa, sisi huku bado hatujaona chuma kimelazwa. Ila treni za umeme za Dar es Salaam na Dodoma zilianza kubeba abiria mwaka 2024, na tumeona zinavyokimbia. Hazihitaji maji kama zile za mvuke. Kila mtu anaisifia kasi, na mimi pia naisifia.

Ila kifaa hiki cha zamani kimenifundisha jambo moja. Chombo kikiongezewa kasi, wa kwanza kusahaulika ni mtu wa katikati ya njia. Waingereza waliona kasi inakuja, wakakaa wakauliza: na yule wa kijijini atapata vipi barua yake? Wakatumia fedha, wakasimika nguzo na wavu, wakamwajiri tarishi wa kusimama pale usiku wa baridi. Hawakusema kijiji kihamie mjini.

Kwa hiyo siku wataalamu wakija na ramani zao, tusiishie kuuliza treni itakwenda kilomita ngapi kwa saa. Tuulize itasimama wapi. Na kama haisimami, mzigo wa mtu wa Benaco, wa Kasulo na wa Nyakahura utashukaje? Ndizi zetu zitapandaje? Swali hilo linaulizwa kabla ya reli kulazwa. Ukishalala chuma umechelewa, utabaki kupunga mkono kama mimi na bahasha yangu.

Kama kuna mdau aliyewahi kufanya kazi reli au posta zamani, hasa Tabora, Isaka au Mwanza, atuambie mifuko ilipokelewa vipi enzi zake. Na nyie mnaotumiwa mizigo kwa mabasi, semeni mnawakumbushaje makonda. Mimi siku hizi napiga simu mara tatu, na bado nasimama barabarani na tochi.

Naomba kuwasilisha.