London hadi Nairobi, kwa Njia ya Kisumu

Anayepanda ndege jioni London huamkia Nairobi. Umbali wa angani ni takriban kilomita 6,800, na safari yenyewe huchukua kama saa nane na nusu. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilipoanza kutuma barua kutoka Croydon, kusini mwa London, hadi Mwanza, mzigo ulitumia siku kumi hivi njiani.

Mtu hudhani sababu ilikuwa injini tu. Kweli, ndege za Short Calcutta, zilizotua majini kutoka Khartoum hadi Ziwa Viktoria, zilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Lakini hata kwa mwendo huo, siku mbili hivi za kuruka mfululizo zingetosha. Muda uliliwa na vituo: mafuta yaliisha upesi, na giza likiingia abiria na rubani walilala hotelini. Halafu kulikuwa na siasa. Kwa miaka kadhaa Italia iliwabania Waingereza anga yake, hivyo abiria wa ndege alishuka Paris, akapanda treni hadi Brindisi, ndipo akarudi angani. Tiketi ya ndege, safari ya reli!

Kusini mwa Khartoum njia ilifuata Mto Nile: Malakal, Port Bell, kisha Kisumu. Maji hayakuhitaji kulimiwa uwanja. Nairobi, isiyo na ziwa, ilingoja barua zake ziletwe kutoka Kisumu na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja wa Wilson una jina lake mpaka leo. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini, kutoka Southampton hadi Durban, zikipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na hata Lindi. Ndiyo, Lindi ilikuwa kituo kwenye njia ya anga ya kwenda Uingereza.

Vita vya pili vya dunia viliacha viwanja vya nchi kavu kila mahali, na ndege za majini zikakosa kazi. Tarehe 2 Mei 1952, saa tisa alasiri, ndege ya Comet ya shirika la BOAC la Uingereza iliondoka London kwenda Johannesburg na abiria 36, ikijaza mafuta Entebbe. Ilifika kwa chini ya saa 24. Ndege hiyohiyo ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954, ikaua watu wote 35, kwa sababu bati lake lilikuwa limechoka.

Kila ndege mpya ilipunguza saa, na ilipunguza miji pia. Malakal, Lindi na Kisumu zikarukwa. Siasa nayo haikuisha: Aprili 2023 anga ya Sudan ilifungwa kwa sababu ya vita, na ndege zilizozoea kukata juu ya Khartoum zikalazimika kuzunguka.