Chéri Samba alianzia kwenye mabango

Mu mazungumzo yetu swali moja halikosi: "Nilisoma miaka yote ile, sasa niende kuandika matangazo ya watu?" Mie nina lisansi ya agronomia, na hapa Kindu naandika mabango ya maduka na ya wauza mbegu. Njo maana leo naleta historia kidogo.

Mwaka 1972, kijana mmoja alitoka kijijini kwao, Kinto M'Vuila, Bas-Congo, akaingia Kinshasa. Alizaliwa 1956. Kazi aliipata kwa wachoraji wa mabango, ku avenue Kasa-Vubu. Wakati ule mwenye baa, kinyozi ao mshonaji alimwita mchoraji, jina na picha vikapakwa ukutani kwa mkono. Herufi zikienda kombo, mteja anakataa.

Kijana ule ni Chéri Samba. Mwaka 1975 alifungua atelie yake mwenyewe. Alichora pia hadithi za picha mu gazeti Bilenge Info.

Sasa sikieni. Samba aliona watu wanapita mbele ya picha, wanatupa jicho, wanaenda. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha, kwa Kifaransa na Kilingala, ili mtu asimame asome. Ile ni akili ya bango kabisa! Bango lisilosomwa ni hasara kwa mwenye duka. Maneno yale yakawa alama yake. Mwaka 1978 alionyesha kazi zake Kinshasa mu maonyesho "Art partout", na mwaka 1989 Paris, mu "Magiciens de la terre".

Sisemi kila mwandika mabango atafika Paris. Na patron anayekulipa nusu ya mshahara si mwalimu wako, ni mdeni wako, mdai. Lakini ufundi unaoingia mkononi, hakuna wa kukunyang'anya. Mie nimejifunza kwamba mkulima anayepita na mzigo kichwani hasomi mistari kumi. Basi naandika kubwa: "Mahindi: mstari kwa mstari, sentimita 75." Somo la oditoriamu limefika sokoni.

Na wewe, kazi yako ndogo imekupa ufundi gani wa kuondoka nao? Tuandikie hapa chini.