Ngamia Mia wa Mina

Mwaka wa 10 Hijria, sawa na 632 Miladia, Mtume Muhammad (s.a.w.) alikwenda kuhiji Hija ya Kuaga. Wanyama wa kuchinjwa walikuwa ngamia 100, baadhi yao wakiletwa na Ali bin Abi Talib kutoka Yemen. Siku ya kumi ya Mfunguo Tatu, pale Mina karibu na Makka, Mtume alichinja ngamia 63 kwa mkono wake, kisha akampa Ali amalizie 37 waliobaki. Ngamia halazwi kama mbuzi. Husimamishwa, mguu mmoja wa mbele ukiwa umefungwa, akachomwa chini ya shingo.

Akaamuru kila ngamia akatwe kipande, vipande vyote vitiwe chungu kimoja. Wakala nyama ile na kunywa mchuzi wake. Iliyosalia, Ali aliagizwa aigawe sadaka, pamoja na ngozi na hata matandiko yaliyokuwa migongoni mwa ngamia. Wachinjaji wasilipwe chochote kutoka humo; ujira wao utoke pembeni. Hukumu hiyo ingali inafuatwa: mchinjaji hapewi ngozi kuwa malipo ya kazi yake.

Kabla ya Uislamu, Waarabu walichinja mbele ya mawe waliyoyaabudu, na damu ikamwagwa juu yake. Sura ya al-Hajj, aya ya 37, iliikata desturi hiyo: si nyama wala damu inayomfikia Mwenyezi Mungu, bali uchamungu wa mchinjaji. Aya inayotangulia imekwisha kusema nyama iende wapi: kuleni, na mumlishe maskini aliyetulia na yule anayekuja kuomba.

Lakini kwangu mimi, kiini cha historia hii kiko Madina, katika mwaka mmoja wa dhiki. Msimu wa kuchinja uliwakuta watu wa majangwani wameingia mjini kwa makundi, wanyonge, hawana chakula. Mtume akakataza mtu kukaa na nyama ya udhhiya, yaani mnyama wa Idi, zaidi ya siku tatu. Itakayobaki itolewe sadaka. Mwaka uliofuata watu wakamjia na shida yao: walizoea kushona viriba vya maji kwa ngozi za wanyama wao na kuyeyusha mafuta yao wakayaweka. Akawaeleza kwamba katazo lile lilikuwa kwa ajili ya wageni wale wenye njaa. Sasa kuleni, wekeni akiba, toeni sadaka. Bibi Aisha, mke wa Mtume, ndiye aliyeihifadhi habari hii, na ndani yake tunaona sheria ikilegea na kukaza kwa kuangalia nani ana njaa mjini.

Wanazuoni wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, walishikilia hapo hapo: lazima sehemu ya nyama apewe fukara ikiwa mbichi, aipike au aiuze apendavyo. Kumwalika karamuni hakutoshi.

Karne ya 20 ilileta ndege, na mahujaji wakaongezeka kupita kiasi. Mina ni bonde dogo lenye joto kali. Mizoga isiyo na mlaji ilirundikana, na mingi ikafukiwa ardhini, ilhali nchi nyingine za Waislamu zilikuwa na njaa. Uchungu wa jambo hilo ulisukuma mageuzi ya mwaka 1983, Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah ilipokabidhiwa mradi wa kuinusuru nyama ile. Haji hulipia mnyama, akaupa mradi uwakala wa kumchinjia, na machinjioni madaktari wa mifugo huwakagua wanyama. Mafukara wa Makka ndio wa kwanza kupewa. Wanazuoni wa Saudia wakaruhusu ziada itolewe nje ya Haram, eneo takatifu la Makka, ikagandishwa na kupelekwa kwa maskini wa Asia na Afrika.

Wapo wanaosikitika kwamba haji wa leo aghalabu hamwoni mnyama wake. Nawaelewa, maana kuchinja kwa mkono wako ni sunna yenye uzito. Hata hivyo uwakala si uzushi: Ali mwenyewe aliwachinja wale 37 kwa niaba ya mwingine.