18 Bob za Mafuta Taa: Vile Kodi Ilitufuata Hadi Jikoni

Mtu akikuambia Eastlands iliacha stovu ya mafuta taa kwa sababu tumeendelea, mwambie arudi asome bajeti ya 2016 na ile sheria ya fedha ya 2018. Ni historia ya juzi tu, lakini tayari watu wanaisimulia vibaya.

Kwa miaka mingi mafuta taa ndiyo yalikuwa yanapikia Nairobi. Sensa ya 2009 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba za huu mji zikitumia hayo. Hakuna mtu alikuwa anapenda ile harufu kwa chapati. Sababu ni kwamba unaweza kununua kidogo. Uko na mbao? Beba chupa, enda kwa pampu ya kibandani, utarudi na ya kuivisha ugali wa leo. Kesho itajipanga. Gesi haijui mambo ya mbao, mtungi unataka pesa yote mara moja. Na makaa je? Ule jiko wa udongo ndani ambao mafundi wa Shauri Moyo wamefua tangu miaka ya 80 ni mzuri sana, lakini jaribu kuuwasha ndani ya singo rumu ya Kayole, ghorofa ya tano, bila roshani.

Serikali ilijua haya yote. Mwaka 2011, maisha yalipopanda, ushuru wa mafuta taa ulipunguzwa kisha ukaondolewa, Uhuru Kenyatta akiwa waziri wa fedha. Yaani waliweka kwa maandishi kwamba haya ni mafuta ya mtu wa chini. Miaka 5 baadaye, bajeti ya Henry Rotich ikaurudisha, shilingi 7 na senti kwa kila lita. Bajeti hiyo hiyo ikatoa VAT kwa gesi, tuhamie huko. Hata kukawa na mradi wa National Oil wa mitungi ya bei nafuu kwa mwananchi. Mitungi mingi ikapatikana na kasoro, mradi ukakwama. Wenye hawakuwa na mtungi wakabaki hapo tu na stovu yao, sasa wakilipa ushuru.

Halafu 2018. Huo mwaka mtu wa mtaa alifungiwa mlango kila upande. Februari, ukataji wa miti ukapigwa marufuku na makaa yakapanda. Septemba, VAT ya asilimia 8 ikaingia kwa mafuta yote, na mafuta taa pekee yakaongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Sababu? Wafanyabiashara walikuwa wanachanganya mafuta taa na dizeli, kwa sababu yalikuwa rahisi zaidi, na injini za watu zikaharibika. Dawa ikawa kupandisha bei hadi kuchanganya kusiwe na faida.

Hebu fikiria hiyo hesabu. Mwizi yuko kwa lori na kwa depo, faini inalipwa na mama anayechemsha uji Korogocho. Na si ati hakukuwa na njia nyingine. Tume ya kawi tayari ilikuwa na mpango wa kuweka alama ya kemikali kwa mafuta na kupima yale yanauzwa kwa vituo. Hiyo njia inataka wakaguzi wasionunulika. Tozo haitaki mtu yeyote, inajikusanya.

Nitakubali kitu kimoja: kuchanganya kulipungua, na moshi wa stovu si wa kutetea. Sensa ya 2019 ikakuta gesi ndiyo inaongoza Nairobi. Sawa. Lakini watu walikuwa wamehamia gesi isiyo na VAT, na Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa juu ya hiyo gesi. Ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Mtu anapangaje jikoni na serikali inayobadilisha nia kila bajeti?

Na sheria ya 2023 iliyotoa VAT kwa gesi ndiyo ilipandisha VAT ya mafuta kutoka 8 hadi 16. Septemba mwaka huo EPRA ikatangaza bei za Nairobi: dizeli 200.99, mafuta taa 202.61. Mafuta ya stovu yakawa ghali kuliko ya trela. Toa ile 18 hapo, yangekuwa chini ya 185.

Mwenye bado anayanunua ni yule hajawahi kupata pesa ya mtungi. Anapima ya mbao, na ndani ya hiyo mbao analipia dizeli iliyoharibiwa na mtu mwingine. Gari hana.