Faida na Madhara ya Chuma Chakavu

Ndugu msomaji, usidharau chuma chakavu. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, hufua majiko na masanduku kwa mapipa makuukuu. Nayo sufuria mbovu ya alumini huyeyushwa upya kwa sehemu 5 tu katika 100 za nguvu zitumikazo kuitoa alumini katika mawe yake.

Lakini penye soko mwizi naye hufika. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme ilianguka Nairobi, giza likatanda nchini. Serikali ikasema vyuma vyake viliibwa. Siku 9 baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo, hadi Mei. Hivyo fundi mwaminifu akaadhibiwa pamoja na mwizi. Basi, ununuapo chuma chakavu, uliza kwanza kilikotoka.