Vijana Waliovuka Kivukoni Mwaka 1917

Msafiri atokaye Ifakara kwenda Mahenge siku hizi hupita Kivukoni kwa dakika chache, juu ya daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, bila hata kushuka garini. Zamani mto Kilombero ulivukwa kwa mitumbwi na vivuko, na wenyeji wa bonde wangali wanakumbuka taabu yake. Vita navyo vilipita bondeni humu, na vijana walioletwa navyo hawana jiwe lililochorwa majina yao.

Mwaka 1917 Mahenge ilikuwa ngome ya Wadachi chini ya Kapteni Theodor Tafel. Ngome hiyo haikuchaguliwa ovyo. Bonde la Kilombero ni ghala la mpunga, na jeshi lililokatiwa njia ya bahari halikuwa na budi kula jasho la Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wabena. Kutoka kaskazini walikuja askari wa Kongo chini ya Wabelgiji. Kutoka magharibi likaja jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey. Mahenge ilitekwa tarehe 9 Oktoba, na mwezi wa Novemba Tafel akasalimu amri huko kusini.

Lakini majeshi hayo yote yalitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Ndorobo waliua farasi na ng'ombe, reli ilikuwa mbali, na mvua iligeuza bonde kuwa ziwa. Basi unga na risasi vilibebwa na vijana, ambao wengi wao hawakujitolea. Wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi: waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na njaa, ilhali mzigo walioubeba ulikuwa chakula. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi yapata 95,000.

Yasisemwe kwamba majina yao hayakuweza kujulikana. Katika Afrika ya Mashariki ya Waingereza, ofisi ya wapagazi iliyoongozwa na Oscar Watkins iliwapa watu wake vibati vya namba, ikachukua alama za vidole na kuandika madaftari. Jina la kijana lilifaa kuandikwa alipohitajiwa kazi; alipokufa, likaonekana halina haja. Mwaka 1922 serikali ya Tanganyika ilitoa rai kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo.

Wakubwa wa zama hizo walidai kwamba Mwafrika haelewi maana ya kaburi lenye jina. Sijui dai hili lingesemwaje mbele ya Mpogoro wa Mahenge, ambaye hutambikia wazee wake penye makaburi yao! Kwake, maiti iliyoachwa njiani ni deni lisilolipika, na mama asiyejua mwanawe kalala wapi hana pa kupeleka sadaka.

Ukifuata maji ya Kilombero hadi yakutane na Luwegu na kuitwa Rufiji, utafika katika nchi ya Behobeho. Huko aliuawa Kapteni Frederick Selous, tarehe 4 Januari 1917, mzee wa miaka 65. Kaburi lake lipo, na hifadhi kubwa ya wanyama ikapewa jina lake. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, mwanawe wa miaka 19 akauawa angani huko Ulaya, na jina lake nalo limehifadhiwa. Siwaonei kijicho. Kifo cha mtoto wa miaka 19 ni msiba kwa kila taifa. Lakini rika lake waliokufa katika bonde hili walikuwa wengi kuliko tuwezavyo kuhesabu.

Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, yenye bunduki mkononi na isiyo na jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Wadachi hawamo katika hesabu hiyo. Jina la kikosi cha wapagazi, lililogeuzwa na ndimi zetu, limebaki sokoni Kariakoo, na wauzao mchele wa Ifakara hapo hulitamka kila siku.